Mama Taa na Glasi ya Maji

Ukitaka kumuudhi Mama Taa, mwambie kitu ni kizuri kabla hajakiangalia mwenyewe. Sokoni huzigeuza nyanya upande upande mpaka muuzaji aanze kuguna. Kitambaa hukitoa nje ya duka akakitazame mchana kweupe. Hata mumewe, fundi redio mwenye maneno mengi kuliko redio zake zote, hupenda kuwasimulia wageni kwamba siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, binti yule alimwambia, "Hebu sogea kwenye taa." Kisha hujipigapiga kifua na kumalizia: "Akaliona kovu, akaliona pengo la jino, akakiona na kitambi kinavyonyemelea. Akasema huyu ni wa asili. Nikapita."

Jina lake limetoka hapo hapo. "Lete kwenye taa" ndilo neno lake la kila siku, na watoto wenzake walipochoka kulisikia wakamwita Taa. Alipozaa akawa Mama Taa, ingawa mwanawe ana jina lake zuri tu ambalo hakuna anayelikumbuka. Kwa kazi ni sonara. Hukaa kwenye chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja pana, nalo limeelekezwa upande usiopigwa na jua, kwa sababu jua la moja kwa moja hulifanya kila jiwe lijione malkia. Meza yake imekatwa nusu duara mbele ili fundi aingie ndani yake, na chini imening'inizwa ngozi ya kudaka unga wa dhahabu. Ukimkuta hapo, lenzi imebanwa jichoni na kibano kiko mkononi, usijisumbue kumsalimu. Ataitikia akimaliza, na wala hatakuomba radhi.

Siku hizi wanaomletea kazi zaidi ni wasafiri. Mtu kaenda nchi za watu, kapita mtaa wa vito, karudi na kijiwe chekundu kimekunjwa kwenye karatasi utadhani ni dawa ya unga. "Mama Taa, nithibitishie tu. Hili nimelinunua mlangoni mwa mgodi kabisa!" Hapo Mama Taa huguna. Mlangoni mwa mgodi ndipo mawe ya mashine yanapouzika vizuri kuliko popote, maana mnunuzi akishaliona shimo na watu wenye udongo magotini, huamini kila kilichopo pale kimetoka shimoni.

"Si chupa, usilie," huwaambia. "Ni rubi kweli, ugumu ule ule, wekundu ule ule. Ila hili limepikwa kiwandani, na lile la ardhini limepikwa na ardhi yenyewe tangu enzi ambazo babu wa babu yako hajulikani alipo. Ukilipenda livae, litakupendeza. Ubaya ni mtu kukuuzia huyu kwa jina la yule."

Wengine hununa. Wengine humuuliza kwa sauti ya kumpima, "Na wewe umeyajulia wapi hayo?" Swali hilo halimuudhi hata kidogo. Huiweka lenzi chini, hujinyoosha mgongo, na kuanza kumsifu baba yake mdogo, na akianza hapo ujue chakula cha mchana kitapoa.

Duka lilikuwa la ndugu wawili. Mkubwa, baba yake Mama Taa, alikuwa na mdomo. Mdogo alikuwa na macho. Kila mwaka walifunga safari ya nje kununua mawe, na huko walikuwa na utaratibu wao: anayeangalia hasemi, na anayesema haangalii. Kaka mtu alikaa na muuzaji, akauliza habari za watoto, akacheka, akalalamikia bei. Mdogo mtu alikaa dirishani na lenzi yake, kimya kama kabati. Walisema mtu akiyafanya yote mawili, mdomo wake utalishawishi jicho lake. Mwisho wa yote mdogo alitoa neno moja tu, na mara nyingi mno neno hilo lilikuwa "hapana," hata wauzaji wa kule wakambatiza Mzee Hapana angali kijana asiye na mvi.

Kulikuwa na jambo jingine. Yeyote kati yao aliyeingiwa na shaka aliomba maji ya kunywa. Basi, hivyo tu. Mwenzake hakuuliza kwa nini. Maji yakinywewa, wanashukuru, wanaaga na kuondoka, hata kama bei ilishakubaliwa na mikono imeshashikana. Shaka yenyewe ilielezwa baadaye, wakiwa wawili peke yao.

Nyumbani wateja hawakuuliza vyeti. Mteja aliiinua pete yake, akamgeukia mdogo mtu, akauliza: "Nani aliyeangalia?" Naye akajibu: "Mimi mwenyewe." Mazungumzo yaliishia hapo. Mama Taa alikulia chini ya meza ile akiyasikia maneno hayo, na utotoni hakuna kitu alichokitamani kama kuulizwa swali lile akajibu jibu lile.

Baba mdogo ndiye aliyemfundisha, kwa ukali wa mtu anayekupenda. Alimfundisha kuogopa usafi. "Jiwe lisilo na kasoro," alisema, "muulize mama yake ni nani." Ardhi haijui kufagia. Huacha ndani ya jiwe nyuzi nyembamba kama hariri, na punje za mawe mengine, na michirizi inayofanana kabisa na alama ya kidole. Mistari ya kukua ya jiwe la ardhini imenyooka, ikifika kona inakunja, mfano wa kuta za nyumba. Ya jiwe la mashine imepinda kama ile ya santuri.

Siku moja, bado mwanagenzi, alipewa pete ya kuchomelea. Kila sonara anajua kwamba jiwe hutolewa kwanza, ndipo moto uletwe. Yeye alikuwa na haraka zake, hakulitoa. Akapiga moto wa gesi, pete ikaiva, akaitumbukiza kwenye maji ipoe. Jiwe likasema tik. Alipoliangalia kwa lenzi, lilikuwa limejaa nyufa zilizoanzia juu zikateremka ndani kila upande, kama chungu cha moto kilichomwagiwa maji ya baridi. Baba mdogo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alimtafutia mteja jiwe jingine, akalitia lile bovu kwenye kasha la kiberiti, akampa. "Hili sasa ni lako. Liangalie mpaka ulijue." Akaliangalia. Kwa miaka mingi, kila alipokosa kazi mezani alilitoa kiberitini akaliangalia, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea, na mwishowe alilijua kuliko anavyoujua uso wa mumewe.

Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyekalia kiti cha kusema. Hakukiweza sana. Mdomo wa baba yake haukurithika. Ukimpa kazi ya kuuliza habari za watoto, atauliza wangapi, kisha anyamaze. Lakini utaratibu ni utaratibu, na lenzi ilibaki shingoni mwa Mzee Hapana kwenye uzi wake mweusi. Mara chache mteja alipouliza "Nani aliyeangalia?" juu ya kijiwe kidogo alichokinunua Mama Taa mwenyewe, naye akathubutu kusema "Mimi," mteja alitabasamu kwa adabu na kuuliza tena: "Na mzee je?"

Basi mtoto wa jicho akaingia nyumbani mwao bila kupiga hodi. Mzee Hapana hakumwambia mtu. Lakini chai ilianza kumwagika nje ya kikombe, na alianza kuzitambua sarafu kwa kidole gumba. Na alianza kukataa kila kitu. Safari ya kwanza akasema hapana kwa mtaa mzima wa vito, wakarudi mikono mitupu. Safari ya pili vivyo hivyo. Wauzaji walimheshimu zaidi, wakidhani amezidi kuwa mkali. Mama Taa alijua. "Hapana" ni neno salama kwa mtu asiyeona. Mama mdogo, mkewe, alijua pia, ila nani wa kumfunga paka kengele? Mtu ambaye jina lake lote ni macho yake, unaanzia wapi kumwambia?

Ndipo akaja muuguzi mmoja na pete ya mama yake. Pete ilikuwa nzuri hata sasa, lakini kucha zake za kushikia jiwe zilikuwa zimelika na rubi imedondoka isijulikane wapi. Mama yake alivishwa pete ile siku ya harusi, na ilitoka kwenye duka hili hili, enzi za ndugu wawili.

"Mama amedhoofika," alisema muuguzi. "Kila akiamka anakigusa kidole chake. Nikamwambia nitamnunulia la maabara, ni zuri na halina mlolongo. Akaniambia, mwanangu, sina ugomvi na la maabara, wavae wanaolipenda. Mimi nilipewa la ardhini. Nirudishieni la ardhini."

"Ataletewa," alisema Mzee Hapana.

Mama Taa alishtuka. Mzee hajawahi kumwahidi mtu jiwe ambalo hajaliona. Safari hii "hapana" haingefaa kitu. Ilibidi arudi na jiwe.

Wakasafiri. Mtaa wa vito wa kule ni ngazi na vyumba, ngazi na vyumba, kila chumba na feni yake, meza yake yenye karatasi nyeupe na mtu wake mwenye maneno matamu. Walipanda na kushuka. Hapana, hapana, hapana. Mwisho wakaingia kwa muuzaji wanayemwita Tabasamu, mtu wa makamo mwenye meno mazuri na shati lililopigwa pasi vizuri. Lugha yetu aliijua barabara, kwa kuwa wanunuzi wa kwetu walikuwa mkate wake. Chumba chake kilikuwa juu kabisa, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, kiasi kwamba wauzaji jirani walichungulia kumsalimu mzee.

Tabasamu alifungua karatasi iliyokunjwa. Rubi ililala pale, nyekundu, nzito, imeiva. Mzee Hapana akaenda nayo dirishani. Mama Taa akaanza kazi yake.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

"Wangapi sasa?"

"Wale wale wanne, dada yangu. Uliniuliza mwaka jana."

Feni ilizunguka. Mzee aliligeuza jiwe, akalileta karibu, akalipeleka mbali, akalileta tena. Mama Taa aliona anavyolitafuta jicho lake ndani ya lenzi. Kisha mzee akageuka, na uso wake uling'aa kama wa bwana harusi.

"Ndiyo," alisema.

Tabasamu alipiga makofi. "Jamani! Njooni mshuhudie! Mzee Hapana kasema ndiyo!" Jirani wa kulia akaja mlangoni, na wa kushoto pia. Mzee akavunja utaratibu wa maisha yake yote, akasema wakati ni zamu yake ya kuangalia: "Lina alama za kidole. Safi halipo duniani, bwana. Hili ni la ardhi." Tabasamu akachomoa cheti mfukoni, akakiweka mezani, akalirudisha jiwe kwenye karatasi nyeupe mbele ya Mama Taa ili likunjwe.

Haikuwa kazi yake kuangalia. Lakini mwanga wa dirishani uliliangukia jiwe moja kwa moja, naye si kipofu. Akaona zile alama. Zilikuwepo kweli, tena nyingi. Ila alama za kidole za ardhini huelea ndani ya jiwe, peke yake, hazina pa kutokea. Hizi zilianzia juu, zote, zikateremka ndani kila upande. Na Mama Taa, katikati ya makofi yale, akasikia tik.

Ikamwingia yote kwa mara moja. Mtu alilichukua jiwe la mashine, safi kabisa, akalipasha moto, akalitumbukiza kwenye maji makusudi. Alijua wanunuzi wa zamani wanaogopa usafi, basi akawapa kasoro. Mtego ule haungemnasa mshamba. Ulitegwa kwa ajili ya watu kama Mzee Hapana.

Mama Taa akisema, atamwaibisha mtu aliyemlea kazini, mbele ya mtaa ambao jina lake liliwahi kuutetemesha. Akinyamaza, wiki zijazo kizee mmoja atainua pete na kuuliza nani aliyeangalia, na mzee, kwa moyo mweupe, atajibu, "Mimi mwenyewe." Na huo ndio utakuwa uongo wa kwanza kutoka duka lile.

"Naomba maji ya kunywa," alisema Mama Taa.

Mkono wa mzee ulisimama juu ya meza. Maneno yale alikuwa hajayasikia tangu kaka yake afariki. Alitakiwa kuinuka, kushukuru na kuaga. Hakuinuka. Furaha ilikuwa bado usoni mwake na hakutaka kuiachia, na nani angemlaumu?

"Mletee binti maji," alimwambia Tabasamu. "Akishakunywa tunamalizia."

Glasi ikaletwa, safi, imejaa. Mama Taa aliishika, asiinywe.

"Kunywa basi, mama," alisema mzee, na sasa sauti ilikuwa na ukali kidogo.

"Siwezi kuyanywa haya, baba mdogo."

Akachukua kibano, akalinyanyua jiwe, akalidumbukiza ndani ya glasi. Akaiweka glasi dirishani juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu jiwe likiwa majini mng'ao wake wa juu hupungua, na tumbo lake huonekana. Kisha akafanya jambo lililokuwa gumu kuliko lile la kwanza. Alinyoosha mkono.

"Naomba na lenzi."

Kwenye meza ya kununulia mawe, lenzi ile haikuwahi kutoka shingoni mwa mzee. Tabasamu alikuwa anatabasamu bado, lakini kwa meno tu. Polepole mzee akaupitisha uzi mweusi juu ya kichwa chake, akampa. Mama Taa akainama. Aliangalia bila haraka, kutoka upande huu na upande ule, jinsi alivyofundishwa.

"Unaona nini?" mzee aliuliza, kwa sauti ya chini.

Akamsogelea sikioni. "Nyufa zote zinatoka juu. Ni sawa na lile langu la kiberitini."

"Na mistari?"

"Imepinda, baba mdogo. Ya santuri."

Mzee alikuwa na mlango wa kutokea, na Mama Taa aliujua: angesema huyu bado mwanafunzi, msimsikilize, na hakuna mtu pale mlangoni ambaye angembishia. Badala yake akaegemea kiti, akawageukia wale wauzaji majirani, wasikie vizuri.

"Jamani," alisema, "mimi nimekaa na jiwe hili mkononi muda wote ule na hayo sikuyaona. Macho yangu yamechoka, na nimewaficha muda mrefu. Ya huyu hayajachoka." Akapumua. "Na huyu nimemfundisha mimi. Mimi, kwa mkono wangu."

Jinsi alivyoitamka hiyo "mimi" ya mwisho, ungedhani ndiye aliyelivumbua jua. Mama Taa alilazimika kujifanya anaifuta lenzi. Jirani wa kushoto, mtu mzima mwenye biashara yake, alimwinamia binti kichwa.

"Sasa tubadilishane viti," alisema mzee.

Hapo ndipo lilipotokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Mzee Hapana alianza kusema, na kumbe alikuwa ameyaweka maneno akiba miaka yote ile! Tabasamu alipoapa kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo, mzee alimshika mkono kwa huruma. "Nakuamini, ndugu yangu. Ulidanganywa, nasi tumekuokoa usimdanganye mwingine, wala sitaki unishukuru." Akamuuliza habari za watoto wanne, mmoja mmoja, nani anasoma nini na nani anamsumbua. Akamsimulia kisa cha kaka yake na mbuzi aliyemeza hereni, mpaka jirani wa kulia akajishika mbavu. Kisha akasema taratibu, "Sasa tuletee lile usilolionyesha watu kwa sababu halijachangamka."

Cheti cha jiwe la kwanza Tabasamu alikirudisha mfukoni bila kuombwa. Akafungua droo ya chini.

Jiwe la pili lilikuwa dogo zaidi, na kona yake moja ilikuwa na kivuli. Mama Taa alikaa nalo dirishani bila kufungua kinywa. Alipoingia ndani yake kwa lenzi alikuta hariri, nyuzi nyembamba zikikatizana kwa mpangilio. Akakuta mistari iliyonyooka, ikafika kona, ikakunja. Akakuta kipunje kimoja kisicho na rangi kimelala peke yake katikati, hapo kilipomezwa tangu dunia haijaota nyasi. Alitamani kucheka kwa sauti. Nyuma yake baba mdogo aliendelea kusema, na hakuna hata neno moja lililofika kwenye jicho lake.

"Ndiyo," alisema. "Lakini lipite kwanza maabara ya kupimia mawe, tutakayoichagua sisi. Tutaondoka pamoja, sisi na wewe na jiwe."

Tabasamu alichukua kofia yake. Kule maabara walisubiri kwenye kiti kirefu, mzee akiwa bado anasema. Karatasi ilipotoka Mama Taa aliisoma: rubi ya asili, haijapikwa popote. Mzee akamwambia aisome tena, na safari hii polepole, hasa pale kwenye neno "asili."

Waliporudi, muuguzi alikuja kulitazama jiwe akamwona mzee anavyomimina chai. Aliweka mikono kiunoni. "Na wewe baba, nani amekwambia mtoto wa jicho hufugwa?" Mzee akaanza kusema hapana, mkewe akamkatiza kwamba hilo jina limeisha matumizi, na wanawake wawili wakampeleka hospitali kwa pamoja, mmoja kila upande. Alifanyiwa upasuaji, jicho moja na baadaye la pili. Alipofunguliwa bandeji alimlalamikia mkewe kwamba hakuna aliyemwambia kuta za nyumba zimechakaa namna ile.

Wakati huo wote Mama Taa alikuwa akiitengeneza pete. Alichomelea kucha mpya, akaiacha pete ipoe yenyewe kwa wakati wake, na jiwe likiwa mbali na moto, kwenye kasha la kiberiti, pamoja na lile bovu. Pete ilipokwisha alimpelekea baba mdogo, pamoja na lenzi. Macho yamerudi, na lenzi irudi. Mzee alilitazama jiwe kwa muda mrefu, kwa macho mapya, akaguna kwa kuridhika. Kisha akauchukua uzi mweusi na kumvisha yeye shingoni.

"Mimi nimeonja kusema," alisema. "Siwezi tena kukaa kimya."

Siku ya kuchukua pete, mama wa muuguzi aliletwa dukani ameshikwa mkono. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, lakini alikataa kiti mpaka apewe kilichoko dirishani. Alipokea pete, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza. Mama Taa aliinama mezani, akajifanya anatafuta kitu kwenye ngozi ya unga wa dhahabu.

Bibi akamgeukia mzee, kama alivyomgeukia siku ile akiwa bi harusi.

"Nani aliyeangalia?"

"Huyu," alijibu Mzee Hapana.

"Huyu mtoto aliyekuwa akikaa chini ya meza?"

"Huyu huyu. Mimi nilikuwepo, nikisema."

Bibi alimtazama Mama Taa upande huu na upande ule, taratibu, na Mama Taa kwa mara ya kwanza alijua nyanya za sokoni hujisikiaje. Akanyanyuka kutoka mezani, akasimama wima.

"Basi nijibu wewe, mwanangu. Nani aliyeangalia?"

"Mimi mwenyewe."

Bibi akavaa pete yake. Mazungumzo yakaishia hapo.